Mbweha, Kamera na Komeo la Banda

Askari aliyeshika zamu za usiku kwa miaka 30 hapati usingizi kama watu wengine, hata baada ya kustaafu. Ndivyo ilivyokuwa kwa mzee mmoja, sajini mstaafu wa polisi kutoka Jinja, aliyekwenda kukaa na binti yake kusini mwa London. Binti huyo ni muuguzi, na mara nyingi kazi yake huwa ya usiku. Kwa hiyo mzee alibaki nyumbani na mjukuu wake wa kike, mwenye umri wa miaka tisa. Mtoto akilala, mzee hukaa jikoni gizani akitazama uani, kama alivyokuwa akitazama lango la kituo.

Usiku mmoja wa Januari alisikia ukelele wa kutisha, mfano wa mwanamke anayenyongwa. Akatwaa tochi, akatoka mbio. Hakukuta mwanamke wala mwizi. Macho mawili yalimng'aria kutoka kando ya ua, kisha yakazimika. Kumbe alikuwa mbweha jike akimwita dume, kwa maana huo ndio msimu wao wa kupandana.

Msomaji asimchanganye mnyama huyo na bweha wa mbuga za Afrika Mashariki, ambaye kwa nasaba yu karibu zaidi na mbwa. Mbweha wa Ulaya ana manyoya mekundu, mkia mnene ambao mara nyingi huwa na ncha nyeupe, na uzito wa kilo 5 hadi 7 hivi. Alianza kuzoea miji ya Uingereza katika miaka ya 1930, vitongoji vyenye nyumba na bustani vilipoenea mashambani. Chakula chake ni minyoo, mbawakawa, panya, njiwa, matunda yaliyoanguka na mabaki ya jikoni. Katika miji hiyo wengi wao hawafikishi miaka miwili, na wauaji wao wakubwa ni magari.

Tangu usiku ule mzee alishikwa na hamu ya kumpiga picha mgeni wake. Kazi hiyo ina historia ndefu. Mmarekani George Shiras aliwanasa kulungu usiku kwenye maziwa ya Michigan, akiwa ndani ya mtumbwi, kwa mwako wa unga wa magnesi. Na mwaka 1906 jarida la National Geographic lilichapa picha zake 74. Huyo pia alitega uzi, hata mnyama akiugusa hujipiga picha mwenyewe. Mjerumani Carl Georg Schillings aliwapiga picha simba usiku katika nchi ambayo leo ni Tanzania, na kitabu chake kilitoka mwaka 1905.

Mzee alianza vibaya kama wanafunzi wote. Alipiga picha akiwa nyuma ya dirisha, na kioo kikamrudishia mwanga wa kamera yake mwenyewe. Alipotoka nje, mbweha akatoweka, picha ikabaki na vitone viwili vyeupe. Kwani nyuma ya jicho la mnyama huyo mna utando unaorudisha mwanga, nao ndio unaomsaidia kuona gizani. Mwishowe binti yake alimnunulia kamera ndogo inayojiendesha, ambayo huamka kila kipitapo kitu chenye joto, na hutumia mwanga usioonekana kwa macho ya binadamu. Mzee aliifunga juu ya kigingi, kimo cha goti, ikielekea penye tundu la ua ambapo aliona manyoya yamenasa. Aliigeuzia kisogo taa ya barabarani. Kila asubuhi aliandika katika daftari saa, hali ya hewa na upande alikotokea mbweha, kama aandikaye kitabu cha matukio kituoni.

Katika uwanja huo wa kamera palikuwa pia na banda la kuku watatu. Mzee alilijenga kwa mikono yake, akalitia komeo la chuma, akamkabidhi mjukuu kazi ya kulifunga kila jioni.

Asubuhi moja ya Februari kuku wawili walikutwa wamekufa, na wa tatu hayupo. Manyoya yalitapakaa juu ya nyasi. Mlango wa banda ulikuwa wazi, na komeo halikuvunjwa. Jirani alichungulia juu ya ua, akasema dawa yake ni sumu. Mzee alimjibu kwa adabu kwamba sheria ya Uingereza inakataza kumtilia mbweha sumu. Kisha akageuka akamtazama mtoto.

"Ulifunga?"

"Nilifunga, Babu."

"Komeo lililofungwa halijifungui. Mlinzi aliyelala asiongeze na uongo."

Mtoto alilia, akaapa, akakataa chai. Mama yake aliporudi kutoka kazini alimkuta amejifungia chumbani. Siku mbili zikapita bila mtoto kumsemesha babu yake, ila kumwamkia tu, kwani hata kwa hasira hakuacha adabu.

Siku ya tatu mzee alitoa kadi katika kamera. Nia yake ilikuwa kumwona mbweha. Picha zikaja moja moja, kila moja na saa yake. Saa kumi na dakika 50 jioni, mtoto alikuwa mbele ya banda akisukuma komeo. Na katika picha iliyofuata alikuwa akilivuta ili ahakikishe. Saa tatu na dakika 40 usiku alitokea mtu mzima mwenye koti zito na tochi. Alifungua banda, akainama kama atazamaye maji ya kuku, akaondoka. Komeo lilibaki linaning'inia. Mtu huyo alikuwa mzee mwenyewe.

Saa nane na dakika 13 usiku mbweha akaingia. Dakika chache baadaye alitoka na kuku mdomoni, na kabla ya mapambazuko alirudi tena. Watu humwita katili kwa kuua kuku wengi kuliko awezavyo kula. Lakini mwituni mawindo hukimbia. Bandani hayana pa kukimbilia, naye huua kila kinachopapatika. Akipata nafasi hurudi kuchukua mizoga mmoja mmoja na kuifukia, iwe akiba ya siku za njaa.

Mzee alikaa na kadi ile mkononi. Hakuna mwingine aliyeiona. Kidole kimoja kingeweza kuzifuta picha zote, na mtoto angesahau, kama watoto wasahauvyo. Tena lilikuwapo jambo zito kuliko kuku. Mzee hakukumbuka kutoka nje usiku ule. Alijichunguza, akakumbuka chakula cha jioni na taarifa ya habari, lakini koti, tochi na banda havikuwamo kabisa. Kuionyesha picha hiyo kulikuwa ni kukiri mambo mawili: kosa alilolifanya, na ugonjwa ambao huenda ulikuwa unabisha hodi.

Usiku huo hakulala. Katika utumishi wake alikuwa ameona askari wakipoteza vyeo, si kwa kukosa, bali kwa kumbandika kosa aliye chini yao. Asubuhi aliwaita binti na mjukuu jikoni. Yeye mwenyewe alisimama wima, akaweka picha tatu juu ya meza.

"Mama," alimwambia mtoto, "nilikushtaki bila ushahidi. Ushahidi umekuja, na mkosaji ni mimi. Nakuomba radhi."

Mtoto alizitazama picha kwa muda mrefu. "Na mbweha je, Babu?"

"Mbweha alikuta mlango wazi."

"Basi zifute."

"Ushahidi haufutwi, mama."

Binti yake hakuuliza habari za kuku. Aliuliza swali moja tu la kiuguzi: "Baba, unakumbuka ulipotoka?" Mzee akatikisa kichwa. Wiki ile ile walikwenda pamoja kwa daktari. Tangu hapo mzee anapimwa kila baada ya miezi michache, na maisha yanaendelea kwa tahadhari, si kwa hofu.

Sasa bandani mna kuku wawili wapya, na ulinzi umebadilishwa. Mtoto hufunga komeo jioni, kisha husema kwa sauti, "Limefungwa!" Babu hulivuta komeo mbele yake na kujibu, "Nimeona." Baada ya hapo hakuna mtu afunguaye mpaka asubuhi. Mwisho wa Aprili kamera ilimnasa mbweha jike akipita kwenye tundu la ua na watoto wanne, manyoya yao yangali ya rangi ya udongo. Mjukuu ndiye aliyeandika saa katika daftari, kwa hati iliyonyooka kuliko ya babu yake.

Picha zile tatu zimebandikwa ndani ya mlango wa kutokea uani, karibu na tochi. Mgeni akiuliza zina maana gani, mzee hueleza yote bila kupunguza. Basi na wazazi tujifunze hapo. Mtoto aliyesingiziwa na mkubwa hupona haraka akiombwa radhi na mkubwa yule yule, mbele ya watu wale wale. Akinyimwa haki hiyo, atajifunza kwamba ukweli ni mali ya wenye vyeo. Na somo hilo ni gumu kumfuta moyoni.