Dhahabu ya Geita na Madaftari ya Kina Mama



Sisi wa visiwani tukisikia Geita, akili inakwenda kwenye bangili na mkufu wa bi harusi. Leo tunawaletea dhahabu nyengine ya huko huko, isiyopimwa kwa gramu.

Mwaka 1968 Serikali ya Tanzania, ikisaidiwa na UNESCO, ilianza mradi wa kisomo cha watu wazima katika mikoa ya Ziwa: Mwanza, Mara, Shinyanga na Ziwa Magharibi, yaani Kagera ya leo. Geita wakati huo ilikuwa wilaya ya Mwanza. Imekuwa mkoa 2012. Vitabu vilifuata kazi za watu: pamba, samaki, ng'ombe, ndizi. Kina mama nao walikuwa na chao, cha mambo ya nyumbani.

Wala kusoma hakukuwa kwa upweke. Mwaka 1973 kampeni ya "Mtu ni Afya" iliwakusanya watu kiasi cha milioni 2 nchi nzima katika vikundi. Walisikiliza redio pamoja, anayejua akawasomea wenzake kitabu, wakajadiliana, kisha wakatoka kwenda kuchimba choo au kufyeka majani. Mwaka 1974 Mwanza likatoka gazeti la vijijini, "Elimu Haina Mwisho", ili aliyejifunza kusoma jana asije akasahau kesho.

Bi harusi yanamhusu nini haya? Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ya 282 ya Suratul Baqara, inazungumzia kuandika deni. Na mahari iliyoahirishwa ni deni juu ya mume. Lakini siku ya nikahi macho yana wanja na machozi, nyumba imejaa vigelegele, na karatasi inatiwa saini haijasomwa. Likitokea la kutokea, unaanza kutafutwa shahidi nani alisikia nini.

Basi tuwaige kina mama wa Ziwa. Tukae watu watano, sita, baada ya darsa au siku ya kupaka hina, tuisome hati ya ndoa neno kwa neno: mahari kiasi gani, kilichotolewa kipi, kilichobaki kipi, masharti yapi. Somo afundishe na hili pia, pamoja na mapambo na heshima ya nyumba.

Bangili inaweza kuuzwa siku ya shida. Ulichokisoma ukakielewa hakiuziki.

Allah azibariki ndoa zenu. Amin.