Usukani wa Nyumbani, Leseni ya Ugenini

Gari nilijifunzia Lushoto, kwenye Land Rover 109 ya mjomba wangu, yenye klachi ngumu inayochosha paja kabla hujamaliza kona tatu. Mjomba alikuwa akinitoa alfajiri, kabla malori ya mboga hayajaanza kushuka Mombo. Jambo la kwanza alilonifundisha ni kumwachia njia anayepanda mlima, maana akisimamishwa mlimani kuondoka tena ni kazi. Leseni niliipatia Tanga mjini, baada ya askari wa trafiki kunirudisha kinyumenyume kati ya mapipa na kuniuliza alama za barabarani. Ilikuwa kijitabu tu, picha imebandikwa kwa gundi na kugongwa mhuri pembeni.

Mwaka 2000 nilihamia Ujerumani kusomea uuguzi. Huko leseni ya nje inakubalika miezi 6 tangu uweke makazi, basi. Kuna orodha ya nchi ambazo leseni zake hubadilishwa bila mtihani, Tanzania haimo. Nilifanya mitihani yote miwili, wa nadharia na wa barabarani. Ule wa nadharia ulitolewa kwa lugha kadhaa lakini si Kiswahili, kwa hiyo nikakariri kwa Kijerumani kanuni ambayo kwao ni kama sala: kwenye njia panda isiyo na alama, anayetokea kulia kwako anapita kwanza. Siku ya kukabidhiwa kadi, ofisi ilikipokea kijitabu changu cha Tanga, kwa kuwa sheria yao haitoi leseni mpya mpaka urudishe ile ya nje. Hivyo tangu 2001 mimi ni Mtanzania, pasipoti yangu ni ya Tanzania, udereva nimeupata milima ya Usambara, lakini karatasi pekee inayosema najua kuendesha imeandikwa Kijerumani.

Niliporudi likizo mara ya kwanza, mwaka 2003, nilidhani kukodi gari Dar es Salaam ni kulipa na kupewa ufunguo. Kampuni zote nilizoziendea, karibu na Posta na kule Kariakoo, zilikuwa na jibu moja: gari lipo, na dereva wake yupo. Kuendesha mwenyewe hakukuwa kwenye mazungumzo. Kadi yangu hawakuitazama hata mara mbili. Kilichotakiwa ni mdhamini, mtu wa mjini anayejulikana, mwenye duka au nafasi serikalini, wa kusaini kwamba gari litarudi. Shemeji yangu alikuwa na duka la vifaa vya umeme, akasaini. Ndivyo biashara ile ilivyokwenda: ulikodishwa gari kwa jina la mtu, na leseni ilikuwa mali ya dereva.

Dereva tuliyepewa alikuwa mzee wa Kizigua kutoka Handeni, mwenye kofia ya kufuma na redio ndogo ya betri aliyoiweka juu ya dashibodi. Nilimwamkia shikamoo, nikakaa kiti cha mbele pembeni yake, kwa sababu sikuweza kumkalisha mtu wa umri wa baba yangu mbele kama mtumishi, nami nikae nyuma. Njia nzima ya Chalinze na Segera alinisimulia barabara ile: pale lori la sementi lilipoanguka, pale wanapouza machungwa ya Muheza kwa fungu, pale trafiki wanapojificha chini ya mwembe. Sitaisahau safari ile. Lakini nataka niseme wazi pia gharama yake, kwa sababu watu huikumbuka enzi ile kwa utamu tu.

Kukodi gari na dereva maana yake ni kwenda kwa mama yako na mgeni. Posho yake ya siku uliilipa wewe, na mahali pa kulala ulimtafutia wewe. Mama yangu, ambaye hakuniona miaka mitatu, alikesha jikoni kumpikia mgeni makande na kumtandikia kitanda changu, mimi nikalala na wadogo zangu. Mzee wa watu alikaa barazani siku nzima akitusubiri tumalize maongezi ya familia, nasi tukashusha sauti kwa sababu yupo. Tulipotaka kwenda kumzika jirani kule Mlalo, ilibidi kwanza nimuulize kama amepumzika. Nilipotaka kukaa siku moja zaidi, ilibidi nipige simu Dar kuomba. Nilikuwa nyumbani, lakini muda wangu ulikuwa mikononi mwa watu wengine wawili.

Miaka iliyofuata nikawa naazima. Hapo ndipo magari yaliyotumika kutoka Japani yalipojaa mjini, na kila ukoo ukawa na mtu mwenye gari: binamu ana Corolla, bamdogo ana Noah. Kuazima gari la ndugu ni mzigo mzito kuliko kukodi. Mwenye gari anapanda daladala wiki nzima kwa ajili yako na hasemi kitu. Ukirudisha na mkwaruzo, hasemi pia, na ukimya ule unakaa miaka. Tena bima nyingi zilikuwa zile ndogo, za kumlipa mtu wa tatu tu, kwa hiyo ukiliangusha gari la bamdogo umeuangusha mtaji wake wote. Na kama dereva hana leseni inayokubalika, hata bima kubwa ina sababu ya kukataa kulipa. Hilo la mwisho nililijua kazini, nikiwahudumia majeruhi wa ajali na kuona barua za bima zikija baada ya majeraha. Nikaacha kuazima.

Mambo yalianza kubadilika na kadi. Kuanzia 2010 Tanzania ilianza kutoa leseni mpya za kadi kupitia Mamlaka ya Mapato, na vijitabu vya mhuri vikaanza kuondoka. Nilidhani badiliko hilo halinihusu, maana leseni yangu ya Tanga ilishapotelea ofisini Ulaya. Kumbe liliwahusu wale wanaonitazama. Askari aliyezoea kijitabu alipoona kadi ya plastiki ya pinki yenye nyota za Umoja wa Ulaya aliigeuza kama kitambulisho cha klabu. Yule aliyezoea kadi aliipokea kadi yangu kama leseni, kisha akaanza kuisoma. Na kusoma ndiko kulikoleta maswali ya maana.

Nakumbuka Korogwe, gari la kwanza nililokodi bila dereva. Wakati huo kampuni kadhaa za Dar zilikuwa zimekubali mteja aendeshe mwenyewe, kwa masharti: leseni iliyo hai, kibali cha kimataifa cha udereva, nakala ya pasipoti, na dhamana ya fedha badala ya shemeji mwenye duka. Askari akanisimamisha, akanisalimu vizuri, "Habari ya safari, mama," akaomba leseni. Akageuza nyuma, akafuata safu za madaraja kwa kidole.

"Daraja D halina kitu, mama. Umeruhusiwaje kuendesha?"

Alikuwa sahihi kuuliza. Kwetu dereva wa gari dogo la nyumbani huonyesha D. Kwa Wajerumani D ni basi la abiria, na gari dogo ni B. Nikamtolea kijitabu cha kijivu, kibali cha kimataifa, chenye kurasa za lugha mbalimbali. Ukurasa wa Kiingereza unaeleza B ni gari lisilozidi kilo 3,500 na viti visivyozidi 8 ukiacha cha dereva. Afande akausoma wote, akahesabu viti kwa macho, akanirudishia. "Hii ndiyo karatasi," akasema, "bila hii tungekaa hapa."

Kijitabu hicho watu wetu wa nje wengi wanakidharau, nami nawasihi wasikidharau. Kinatolewa na nchi iliyotoa leseni, kwa hiyo ukishashuka Dar umechelewa. Cha Ujerumani hakizidi miaka 3, na peke yake hakifai: lazima kiambatane na leseni yenyewe. Nimewasikia ndugu zangu wakibishana kaunta, "Mimi mzawa, nimekulia Temeke, kibali cha nini?" Hasira yao naielewa, inauma kuulizwa karatasi ya mgeni kwenye ardhi uliyozikiwa kitovu. Lakini sheria ya barabara inauliza umepimwa wapi na nani, haiulizi umezaliwa wapi. Mtoto anayevuka barabara pale Mombo hasaidiki kitu na uzawa wangu. Anasaidika nikijua kwamba ninatoka kwenye nchi ya kuendesha mkono wa kulia, na kwamba mwili una mazoea yake.

Mazoea hayo yanataka heshima. Kwenye magari ya Japani indiketa iko kulia na waipa iko kushoto, kinyume na gari langu la Ulaya, na vidole havisahau upesi. Kinachoniogopesha zaidi si kunyoosha barabara kuu, ambako magari yaliyo mbele yanakuonyesha upande. Ni alfajiri, unapotoka kituo cha mafuta na barabara haina mtu. Hapo mtu wa Ulaya anakwenda kulia bila kufikiri. Kwa hiyo siku ya kwanza siendi mbali: nazunguka mitaa ya Mikocheni mpaka mabega yalegee, nalala, kesho ndipo naelekea Tanga.

Na mji wenyewe haukunisubiri. Ramani niliyokuwa nayo kichwani ilikufa kipande kwa kipande. Mwaka 2016 yalianza mabasi ya mwendokasi yenye njia yao katikati ya Morogoro Road, na mwaka huohuo daraja la Kigamboni likafunguliwa. Barabara ya juu ya TAZARA ilikuja 2018, ya Ubungo 2021. Ile stika ya leseni ya barabara iliyokuwa ikikaguliwa kwenye kioo cha mbele iliondolewa 2017, tozo yake ikahamia kwenye mafuta. Tochi za mwendo zikazidi, faini ni shilingi 30,000 kwa kosa, na siku hizi deni linaandikwa kwenye namba ya gari na kulipwa kwa simu. Ndiyo maana mwenye gari hakurudishii dhamana papo hapo: anaangalia kwanza kwenye mfumo wa polisi kama umemwachia deni. Nimeona hilo ni haki. Deni la mwendo wangu linanifuata mimi, halimfuati shemeji.

Jambo jingine lililobadilika ni bei. Kwa miaka mingi kaunta ilikuwa na bei mbili: ukiongea Kiswahili cha mitaani unatajiwa shilingi, ukitoa kadi ya pinki unatajiwa dola. Niliyachukia mazungumzo yale kuliko trafiki yeyote, kwa sababu pasipoti na leseni yangu zilikuwa zikigombana mbele ya mtu asiyenijua. Machi 2025 kanuni zilipiga marufuku kutaja bei za bidhaa na huduma za ndani kwa fedha za kigeni. Niliporudi mwaka huo, kaunta ilinitajia shilingi kabla hata sijatoa leseni.

Sasa gari linapatikana kwa ujumbe wa simu. Kijana ana IST mbili, anakutumia picha, anakuletea uwanja wa ndege. Wengine ni waaminifu sana. Lakini mimi natazama namba kwanza. Namba ya njano ni gari binafsi. Nyeupe ni gari la biashara. Bima ya gari binafsi haikukatwa kwa ajili ya kukodisha, na ikitokea ajali Segera usiku, tofauti ya rangi ile inaweza kuwa tofauti ya kulipwa matibabu au kuchangishwa ukoo. Kisha nahakiki stika ya bima kwa simu, nakagua tairi la akiba, jeki na mtungi wa kuzimia moto, napiga picha mikwaruzo yote mwenyewe akiwepo. Vijana hunishangaa. "Mama, huniamini?" aliniuliza mmoja. Namwamini. Ndiyo sababu nataka tuandike, tusije tukakosana.

Zanzibar ni habari ya peke yake. Kule mwenye leseni ya nje anakatiwa kibali cha muda cha visiwani, na mara nyingi mwenye gari ndiye anayekushughulikia siku moja kabla. Usikipoteze, maana vizuizi vya askari ni vingi kutoka Mjini hadi Nungwi.

Mama sasa ana miaka mingi na miguu yake imekataa. Kila mwezi anahitaji kwenda kliniki Tanga, hospitali ya Bombo, na barabara ya kushuka kutoka Lushoto hadi Mombo, kilomita kama 33 za kona zilizochongwa enzi za Wajerumani, inamtesa ndani ya Hiace iliyojaa. Nikiwa likizo nampeleka mwenyewe. Nasimama anapotaka kusimama, Soni anunue plamsi, Muheza avute hewa. Tunazungumza mambo ya nyumbani kwa sauti zetu wenyewe, hakuna wa kumshushia. Akilala, sizimi gari.

Kadi yangu ya 2001 ilitakiwa kubadilishwa kabla ya tarehe 19 Januari 2026, kama kadi zote za Ujerumani za miaka ile. Niliibadilisha mapema, mwishoni mwa 2025, nikachukua na kijitabu kipya cha kijivu kitakachodumu hadi 2028. Gari la safari ijayo nimeshaliagiza: Noah ya namba nyeupe, bima kubwa, mlango wa pembeni unaofunguka wote, ili kiti cha magurudumu kipite.