Nakala Zako Zikiungua Pamoja

Watu huniuliza kwa nini nasisitiza data ikae kwenye seva zaidi ya moja, ilhali mashine za siku hizi haziharibiki ovyo. Jamani, si lazima seva iharibike. Jengo nalo huungua.

Tarehe 10 Machi 2021 jengo la seva la kampuni ya OVH liliteketea mjini Strasbourg, Ufaransa. Wako wateja waliokuwa na nakala rudufu, lakini nazo zilihifadhiwa palepale, zikaungua pamoja na data yenyewe.

Mimi natunza programu ya hesabu ya chama kimoja cha akiba. Nilipopeleka bei ya seva ya pili, mweka hazina aliniuliza, "Kijana wangu, kwani tulipie mashine ya kukaa tu?" Nami nikamwuliza, "Mama, tukipatwa na janga, mnaweza kupoteza kazi ya muda gani?" Akafikiri. "Siku za kawaida, hata kutwa nzima tutairudia kwa risiti. Siku ya makusanyo, hata saa moja hatuwezi."

Jibu hilo ndilo lililopanga kazi yote. Seva kuu iko Nairobi, na kila badiliko hunakiliwa papo hapo hadi seva ya Mombasa.

Lakini hiyo ni nusu ya dawa. Seva ya pili ni mtiifu kupita kiasi: mtu akifuta akaunti kimakosa Nairobi, sekunde chache baadaye imefutwa Mombasa pia. Kwa hivyo kila usiku tunatoa nakala kamili, tunaiweka mahali pa tatu, na haiguswi kwa siku 30. Seva ya pili hukinga na moto. Nakala ya jana hukinga na mkono wa binadamu.

Kuna adui mwingine tena, ukimya. Tarehe 31 Januari 2017 mhandisi wa GitLab alifuta hifadhidata kwenye seva kuu akidhani yuko kwenye ile ya akiba. Walipokimbilia nakala za kila siku, hazikuwepo. Programu ya kuzitengeneza ilikuwa ya toleo lisilolingana na hifadhidata, nayo ilikuwa ikishindwa kila mara bila wao kujua, kwa sababu barua pepe za onyo hazikuwa zikifika. Kilichowaokoa ni nakala ambayo mhandisi aliichukua takriban saa 6 kabla ya ajali, tena kwa shughuli nyingine. Data iliyoingia baada ya hapo ilipotea.

Ndiyo maana kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi narudisha nakala kwenye mashine tupu. Mweka hazina huchagua wanachama watatu anaowataka yeye, tukalinganisha salio zao na vitabu vyao. Zikilingana, ndipo nasema tuna nakala.

Nawe jaribu wikendi hii. Chukua nakala yako ya mwisho, irudishe kwenye kompyuta nyingine, uone kama itafunguka.