Nyimbo za Watawa Zilizofichika Simuni

Katika mwaka 1930 watawa Wabenedikto wa Solesmes, huko Ufaransa, walinaswa sauti wakiimba nyimbo za Gregoriani, Padre Joseph Gajard akiwaongoza. Padre huyo alifariki mwaka 1972. Upande mmoja wa santuri za siku zile ulitosha dakika nne hivi tu, nazo zilivunjika upesi kama vigae. Sauti zenyewe lakini zimehamishwa, na leo zapatikana katika huduma za muziki za intaneti.

Kuzitafuta kwataka akili. Ukiandika “Gregoriani” tu, utaletewa nyimbo za juzi, hata zilizotiwa vinanda vya kubembelezea usingizi! Andika Solesmes, uongeze Gajard. Wala usiuamini sana mwaka uandikwao pale: mara nyingi ni wa kutolewa upya. Tega sikio, santuri ya kale hutatarika kama bisi chunguni.

Katekista mmoja mzee wa kigango chetu alipozisikia, aliitikia kwa Kilatini pasipo kitabu. Wajukuu wake walikodoa macho. Sasa kila Jumamosi jioni awafundisha vijana watatu wa kwaya. Meno yamebaki machache, lakini sauti anayo.