Mama simba na mbwa wa nyumbani

Akina mama wengi wa Musoma tumekua tukisikia habari za simba, lakini waliowahi kumwona ni wachache. Mimi nilikuwa nimeshapata mjukuu ndipo kikundi chetu kilipochanga fedha, tukakodi basi dogo kwenda Serengeti.

Tuliondoka alfajiri. Makutano tuliacha barabara kuu, tukapitia Butiama kuzuru kaburi la Mwalimu Nyerere pale Mwitongo. Mwenzetu mmoja, mwalimu mstaafu, alitukumbusha kwamba Septemba 1961 Mwalimu alitoa ahadi Arusha kuwa nchi hii itawatunza wanyama wa porini mpaka wajukuu wa watoto wetu wawaone. Tukarudi barabarani, tukanywa chai Bunda, na kabla ya saa sita tulikuwa lango la Ndabaka, ambalo liko kando tu ya barabara ya Mwanza. Miaka mingapi tumelipita tukiwa na mizigo ya samaki!

Simba tuliwakuta chini ya mti: majike wanne na watoto saba, wote hoi kwa usingizi. Simba huweza kulala saa ishirini kwa siku. Mtoto mmoja akaamka, akanyonya kwa jike wa kwanza, akafukuzwa, akaenda kwa wa pili, akapokelewa.

"Mama yake ni yupi?" tukauliza.

Kiongozi wetu alitueleza kwamba majike wa kundi moja ni ndugu: mama, mabinti, dada na shangazi. Jike hubeba mimba karibu miezi minne, huzaa mafichoni peke yake, na watoto wakifikisha kama wiki sita huwaleta kwa wenzake. Hapo hulelewa pamoja. Kila mama huwapendelea wa kwake, lakini wa ndugu naye hupata tone. Mabinti wengi hubaki; vijana wa kiume huondoka wakiwa na miaka miwili au mitatu.

Umoja huo una sababu nzito. Madume wageni wakiwashinda wenye kundi, huua watoto wadogo ili majike wapate mimba upya. Jike mmoja hawezi kuwazuia. Wakiwa wengi, mara nyingine huweza. Tulinyamaza sote.

Lakini adui wa mwaka 1994 hakuwa dume. Ugonjwa wa mbwa uitwao distempa uliingia Serengeti, ukaua simba wapatao elfu moja, yaani theluthi moja ya wote. Kupe waliotoka kwa nyati waliodhoofishwa na ukame wa 1993 walizidisha maafa. Virusi vilifanana na vya mbwa wetu wa vijijini, hawa wanaolinda mbuzi na kulala jikoni. Baadaye mbwa wa vijiji vinavyopakana na hifadhi walianza kuchanjwa. Distempa haikwisha porini, maana wanyama wengine nao huibeba, lakini mbwa huchanjwa pia dhidi ya kichaa, ugonjwa unaoua watoto wetu wenyewe.

Mama mmoja wa kikundi, mzaliwa wa kijiji kinachopakana na hifadhi, alikaa kimya njia nzima ya kurudi. Ana mbwa watatu, na siku ya chanjo alikuwa amekwenda mnadani. Tulipofika Bunda alimwomba dereva asimame kwa bwana mifugo. Palikuwa pameshafungwa. Akamwachia mlinzi ujumbe: atarudi Jumatatu, na mbwa wote watatu.