Toka Butembo mpaka Beni na mtoto asiyekula ngano

Toka Butembo mpaka Beni ni karibu kilomita 54 kwa barabara ya taifa namba 2. Barabara hiyo imeona machozi mengi, na wengi wetu tunaipita tukiomba kimoyomoyo. Juma hili tuitazame kwa jicho la chakula. Mtoto wa dada yangu, mwenye miaka 8, alikuja toka Ubelgiji kumwamkia bibi yake Beni, nami ndiye niliyemsindikiza. Ana ugonjwa wa seliaki.

Seliaki si ubishi wa mtoto anayechagua chakula. Ndani ya ngano, shayiri na rai mna kitu kinachoitwa gluteni. Mgonjwa akikila, mwili wake wenyewe unashambulia utumbo mwembamba. Tumbo linavimba, mtoto anahara, damu inapungua, kimo hakiongezeki. Daktari Willem Dicke wa Uholanzi aliona jambo hilo wakati wa njaa ya vita, mwaka 1944 na 1945: mkate ulipokosekana, watoto wagonjwa walipata nafuu, uliporudi, waliumwa tena. Mpaka leo matibabu ni kuacha nafaka hizo maisha yote.

Butembo ni mji wa baridi, juu ya mita 1,700, na milima ya Lubero iliyo jirani inalima ngano. Kwa hiyo mkate, mandazi na sambusa viko kila kona. Hivyo mtoto anaviona na kuvikwepa. Cha kuogopa zaidi ni kile kisichoonekana. Uji wa masoso ni mahindi, mtama na soya, hauna gluteni hata kidogo. Lakini mashini iliyousaga huenda asubuhi ilisaga ngano, na vumbi lake linatosha kumdhuru. Tulichagua mahindi wenyewe, tukayatwanga nyumbani.

Ukishuka kupitia Maboya na Kabasha, moyo unatulia. Kandoni mwa barabara kuna viazi, maharagi, ndizi, maboga. Beni kuna joto, na soko lina mchele, muhogo na mawese. Bugali wa muhogo, sombe, lengalenga, samaki wa Kyavinyonge: yote hayo mtoto anakula mpaka ashibe. Kule Ulaya mama yake ananunua unga wa pekee kwa bei kali. Huku sahani ya kila siku ndiyo salama, mradi muhogo nao umesagwa mahali pasipopitia ngano.

Shida ilitungoja nyumbani. Bibi alikuwa amesikia kwamba mjukuu sasa anaruhusiwa uji wa oti, ile nafaka inayoandikwa avoine kwenye kopo. Akanunua kopo sokoni kwa pesa yake mwenyewe, akapika kwa maziwa. Nani atamwambia bibi kwamba mtoto hanywi?

Nilimwita kando. «Mama, kopo hili halikuandikwa sans gluten. Oti yenyewe haina ubaya, ila inavunwa, inabebwa na kusagwa pamoja na ngano.» Akanyamaza kidogo, kisha akauliza: «Basi nionyeshe ya kwake, na sufuria gani nitumie.» Uji wa kwanza walikunywa watoto wengine. Wa mgeni ulipikwa kwa paketi aliyokuja nayo, katika sufuria iliyooshwa vizuri, kwa mwiko mpya.

Dada yangu hakuirudisha oti kwa haraka. Alingoja mpaka mtoto akae miezi mingi bila gluteni, dalili ziishe na vipimo vya damu viwe vizuri. Mara nyingi waganga wanataka miezi 6 mpaka 12. Kisha daktari akaruhusu oti safi tu, yenye gluteni chini ya miligramu 20 kwa kilo. Alianza na vijiko vichache. Kipimo cha mtoto ni gramu 20 mpaka 25 za oti kavu kwa siku, cha mtu mzima 50 mpaka 70. Siku za kwanza tumbo laweza kujaa gesi, kwa sababu oti ina nyuzinyuzi nyingi. Lakini kuhara au maumivu yakiendelea, unaacha na kurudi kwa daktari: wagonjwa wachache hawaivumilii hata ile safi. Na angalieni jina: wengi huita oti «shayiri», kumbe shayiri halisi ni sumu kwa mgonjwa huyo.

Mama mwenye mtoto anayehara huku kwetu asikimbilie kusema ni seliaki. Minyoo, amiba na maji machafu ndiyo yanatangulia. Aende kituo cha afya. Na kama mganga anashuku seliaki, usimwondolee mtoto mkate kabla ya vipimo, maana damu inaweza kuonyesha kwamba hana kitu.

Tukipokea mgeni wa namna hiyo, tumuulize mama yake kabla ya kuwasha moto. Mtoto asiachiwe kazi ya kukataa chakula cha bibi. Hiyo ni kazi yetu sisi wakubwa, na ikifanywa kwa heshima, bibi mwenyewe ndiye anayekuwa mlinzi wa sufuria.