Si Uzee, na Si Lazima Mkono Utetemeke

Wasee, leo tuongee kuhusu Parkinson. Najua unataka kupita ukisema hiyo ni stori ya wazee, lakini ngoja kidogo. Hapa Kenya kuna shirika linaitwa Parkinsons Si Buda, na hilo jina pekee ni somo: ugonjwa huu unaweza kumpata mtu hata kabla ya miaka 50.

Msimamo wangu ni huu: kabla hatujalilia mashine za bei, tumfunze daktari wa mtaani kuangalia. Wengi wetu tukiugua tunaanza kwa afisa wa kliniki hapo karibu, si kwa bingwa wa neva. Na hapo hakuna kipimo cha damu cha kusema hii ni Parkinson. Inatambuliwa kwa macho, mikono na maswali.

Guka wangu alianza na bega kukaza. Kliniki moja ikasema ni athraitisi, nyingine ikasema ni uzee tu. Miaka miwili ya dawa za maumivu! Na wakati huo wote alikuwa anatembea bila kupunga mkono wa kulia, mwandiko umekuwa mdogo, uso umetulia mpaka tunadhani ametukasirikia. Hakuna aliyeunganisha hayo mambo, kwa sababu mkono haukutetemeka. Kumbe si kila mgonjwa hutetemeka. Dalili kuu ni mwili kuwa polepole.

Kuangalia ni dakika chache. Mwambie atembee mpaka mlangoni na kurudi. Mwambie agonganishe kidole gumba na cha shahada haraka haraka, uone kama vinachoka na kupunguza mwendo. Kunja kiwiko chake, usikie kama kimekaza. Muulize kama bado ananusa vizuri, kama choo ni kigumu, kama anapiga mateke usingizini. Halafu uliza anameza dawa gani, maana metoclopramide, ile ya kuzuia kutapika, na haloperidol zinaweza kuleta dalili kama hizi au kuzizidisha.

Ukishuku, mtume kwa bingwa. Matibabu yapo: levodopa pamoja na carbidopa, na iko kwenye orodha ya WHO ya dawa muhimu. Haiponyeshi, lakini siku hizi guka anafunga vifungo vya shati mwenyewe. Hiyo si kitu kidogo kwa mzee aliyekuwa anavalishwa na wajukuu.

Na sisi wenye simu tuna kazi. Ukiona mzazi wako amepunguza mwendo, muombe ruhusa, mrekodi akitembea, akikoroga chai, akiandika jina lake. Nenda na hiyo video kliniki. Dalili hupanda na kushuka kutwa nzima, na daktari mwenye foleni ndefu anamwona kwa dakika tano tu. Tunarekodi kila kitu, mpaka chips. Hii nayo tuirekodi.